Barua ya wazi kwa viongozi wa klani: kanuni zibandikwe kabla ya tarehe 1

Kwa viongozi na viongozi wenza wa klani (vikundi vya wachezaji) za Clash of Clans, gemu ya simu ya kujenga na kushambulia vijiji, zinazozungumza Kiswahili, mlioko Afrika Mashariki, Kongo, Oman na kwingineko.

Ndugu viongozi,

Tunaanza kwa shukrani, maana kazi yenu haina mshahara. Kuongoza watu 50 ambao wengi wao hamjawahi kuonana, kila mmoja na saa zake za kazi, bando lake na hasira zake, si jambo dogo. Gemu hii ilipotoka mwaka 2012, Supercell, waundaji wake, waliweka vyeo na vitufe, lakini maswali magumu hawakuyajibu. Nani aingie vitani, nani apewe, nani atolewe: hayo mmeachiwa ninyi, na hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Klani zetu nyingi hazitokwi na watu baada ya kushindwa vita. Zinatokwa na watu siku mbili tatu baada ya ligi ya vita ya mwezi kwisha, medali za ziada, zile zawadi ambazo viongozi huchagua wa kuwapa, zikishagawiwa. Mtu anafungua simu, anaona majina ya waliopewa, lake halimo, na hakuna aliyesema kwa nini. Hagombani na mtu. Anaandika "asanteni wakuu" kwenye chati, anaondoka zake. Ninyi mnabaki mkilalamika kwamba wachezaji wa siku hizi hawana uaminifu.

Uaminifu wa mchezaji hauji kwa kuombwa, na kwa vitisho ndiyo kabisa. Mchezaji anakaa pale anapojua mapema ni kanuni gani itatumika kumpanga, kumpa na kumtoa, na akaona kanuni hiyohiyo inamgusa hata rafiki wa kiongozi. Tunachoomba kimsingi ni hicho, na hapa chini tunaeleza namna kinavyoweza kufanyika.

Tuanze na ligi ya vita, kwa sababu malalamiko mengi yanatoka humo. Ilianza Oktoba 2018 na utaratibu wake mnaufahamu. Usajili unafunguliwa mwanzo wa mwezi kwa siku mbili hivi, klani 8 zinawekwa kundi moja, vita 7 vinapigwa siku 7 mfululizo, na kila mchezaji ana shambulio 1 tu kwa kila vita. Mnaweza kusajili watu wengi kuliko kikosi, kisha kila siku mkachagua wa kuingia. Lakini mchezaji akishasajiliwa klani moja, msimu huo hawezi tena kucheza ligi kwenye klani nyingine. Kiongozi anayesajili watu 35 kwa kikosi cha 15, eti tuwe na akiba, halafu wale wale 15 wakacheza siku zote 7, amewafungia wengine 20 mwezi mzima. Wamesugua benchi, na pa kwenda hawakuwa napo. Tunaamini wengi wenu hamfanyi hivi kwa ubaya. Mnabonyeza majina yote kwa sababu ni rahisi kuliko kuchagua. Lakini aliyeko benchi haoni urahisi wenu, anaona mwezi wake umepotea.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kikosi cha watu 15 kwa siku 7 ni nafasi 105. Mkisajili watu 21, kila mmoja anapata siku 5 kamili bila kubaki hata nafasi moja. Mkisajili 26, kila mmoja anapata siku 4 na inabaki nafasi moja ya kumpa mtakayependa. Ligi ilipoanzishwa, mgao wa medali uliwekwa hivi: aliyeingia vitani bila kupata nyota (shambulio moja hutoa nyota 0 hadi 3) anachukua asilimia 20 ya medali za daraja lenu, kila nyota inamwongezea asilimia 10, na akifikisha nyota 8 amechukua zote. Mchezaji wa kawaida mwenye nyota 2 kila shambulio anafika 8 kwa siku 4. Yule hodari wa nyota 3 anavuka 8 siku ya tatu. Kwa hiyo siku ya tano, ya sita na ya saba za mchezaji wenu bora hazimwongezei medali za kawaida hata moja, ilhali siku hizohizo zingemtosha mwenzake aliyeko nje kujaza chake.

Tunajua mtajibu kwamba mkizungusha watu mtashuka daraja. Kwa klani inayopigania madaraja ya juu ni kweli, kule nyota moja inaweza kuwagharimu. Hatusemi mzungushe kwa lazima. Tunasema mtamke kabla usajili haujafungwa. Tangazo la mistari mitatu linatosha: "Mwezi huu tunapigania kupanda. Kikosi ni hawa 15, akiba ni hawa 3. Wengine hamieni klani yetu ya pili leo, mtarudi baada ya vita vya saba." Klani ya pili ndiyo kazi yake hiyo. Angalieni tu iwe na watu 15, kwa sababu chini ya hapo haisajiliki, na kama hamna watu wa kutosha kuijaza, zungumzeni na klani jirani mapema mchanganye vikosi. Kwa klani isiyotaka kuhama-hama kuna njia ya kati: siku 4 za mwanzo piganeni na kikosi bora, kisha mtazame msimamo. Kama kupanda kumeshakaa sawa, au kumeshashindikana, siku 3 zilizobaki ni za waliokuwa benchi. Nafasi 45 hizo zinawapa watu 15 siku tatu tatu, na kwa nyota mbili mbili kila mmoja anaondoka na asilimia 80.

Kuna jambo jingine kuhusu ligi ambalo viongozi wengi hulipima vibaya. Kwenye vita vya kawaida kila mtu ana mashambulio 2, yaani watu 15 wana mashambulio 30 kwa vijiji 15. Mmoja akikosea au akilala, mwenzake anaweza kuziba pengo kwa shambulio lake la pili. Kwenye ligi mashambulio ni 15 kwa vijiji 15. Asiyepiga ameondoka na nyota 3 ambazo hakuna wa kuzirudisha. Ndiyo maana mchezaji wa Town Hall (jengo kuu la kijiji, ambalo ngazi yake huonyesha ukubwa wa kijiji) ya chini anayeingia kila siku ana thamani kuliko jitu la Town Hall kubwa linaloonekana siku tatu kati ya saba. Kanuni yetu tunayoipendekeza: anayekosa shambulio bila taarifa anatoka kikosini vita viwili vinavyofuata, awe mwanachama, awe kiongozi mwenza. Akitoa taarifa kabla maandalizi, yaani muda unaotangulia mapigano, hayajaisha, hana kosa, anabadilishwa tu. Maandalizi yakishaisha kikosi hakibadiliki, kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kukipanga kila siku, na mwingine wa kumshikia akiwa hayupo.

Medali za ziada sasa. Idadi yake inategemea daraja lenu na vita mlivyoshinda, na wanaogawa ni kiongozi na viongozi wenza. Klani nyingi hugawa kwa kutazama jumla ya nyota, na jumla ya nyota inadanganya. Chukueni wachezaji wawili. Wa kwanza ana Town Hall 14, amecheza siku 5, ana nyota 11, na mara 3 alipangiwa Town Hall 15. Wa pili ana Town Hall 16, amecheza siku zote 7, ana nyota 17, na mara 5 alipiga vijiji vya chini yake. Kwa jumla ya nyota wa pili anashinda mbali. Sasa ongezeni pointi 1 kwa kila shambulio dhidi ya Town Hall kubwa kuliko ya mpigaji, punguzeni 1 kwa kila shambulio dhidi ya ndogo, punguzeni 3 kwa kila shambulio lililokosekana bila taarifa, halafu mgawe kwa siku alizocheza. Wa kwanza ana 14 kwa siku 5, sawa na 2.8. Wa pili ana 12 kwa siku 7, kama 1.7. Picha imegeuka, na ni picha ya haki zaidi, maana wa kwanza hakujipanga mwenyewe kucheza siku 5.

Wekeni na masharti mawili ya kuzuia ubishi: asihesabiwe aliyecheza chini ya siku 3, na wakilingana apewe ambaye hajapata kwa muda mrefu zaidi. Orodha ibandikwe pamoja na pointi zake, siyo majina peke yake. Hata ikiandikwa kwa kalamu kwenye daftari na kupigwa picha, inatosha. Mtu akiona 2.4 yake imepitwa na 2.6 ya mwenzake, anajua cha kufanya mwezi ujao.

Kama klani yenu ni ya kirafiki na hampendi mahesabu, tumieni foleni: majina yote kwa mpangilio, wanaopewa mwezi huu wanarudi nyuma ya mstari. Foleni haimtii mtu bidii, lakini haijawahi kumwonea mtu. Njia ya tatu, viongozi kukaa na kuamua kwa maoni yao, hatuipingi ikiwa kila jina litaambatana na sentensi moja ya sababu. Bila sababu, hata uamuzi sahihi unaonekana upendeleo.

Tatizo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1999, kwenye EverQuest, gemu ya mtandaoni ya kompyuta, makumi ya watu walikuwa wanashirikiana kuua adui mmoja mkubwa anayeangusha vitu vichache, na chama cha Afterlife kikabuni mfumo wa pointi ili kila aliyehudhuria ajue zamu yake inakaribia vipi. World of Warcraft, iliyotoka 2004, iliurithi ugomvi huohuo kwa misafara ya watu 40. Wengine walitumia pointi, wengine kamati. Mwaka 2018 Blizzard iliyaondoa kabisa kwenye gemu ile mamlaka ya kiongozi kugawa nyara. Ninyi bado mnayo mamlaka hayo, na tungependa yabaki mikononi mwa watu tunaowajua kuliko kuachiwa mashine.

Vita vya kawaida havina uzito huo, ila saa zake zinawachosha watu bure. Maandalizi ni saa 23 na mapigano ni saa 24, kwa hiyo vita vinaisha saa 47 baada ya kupata mpinzani. Mkimpata saa 3 usiku wa Ijumaa kwa saa za Afrika Mashariki, maandalizi yanaisha saa 2 usiku Jumamosi, na mapigano yanaisha saa 2 usiku Jumapili. Hapo mtu wa Muscat ni saa 3 usiku, wa Goma au Lubumbashi saa 1 usiku, wa Kinshasa saa 12 jioni, na wa Minnesota bado ni mchana. Wote wako macho. Lakini kiongozi aliyekosa usingizi akibonyeza kutafuta vita saa 8 usiku, mwisho wake utakuwa saa 7 usiku, siku ambayo nusu ya klani imelala. Halafu wanaambiwa hawana bidii. Ramadhani nayo ina saa zake: msiweke mwisho wa vita kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, muda wa futari na Magharibi, na baadaye Isha na tarawehe.

Shambulio la kwanza lipigwe ndani ya saa 12 za mwanzo, la pili lisubiri kuziba mapengo. Anayeweka yote mawili dakika za mwisho anacheza kamari na mtandao. Shambulio ni dakika 3, na intaneti ikikatika katikati, limehesabika limetumika. Na hapa tunawaomba mtofautishe. Aliyepiga akapata sifuri na ambaye hakupiga kabisa si kosa moja. Wa kwanza anahitaji mtu amwonyeshe kwenye marudio ni wapi jeshi lake lilipotea, wa pili anahitaji kuulizwa yuko wapi.

Kuna ile alama ya kijani na nyekundu ambayo kila mchezaji anaweka mwenyewe kuonyesha kama yuko tayari kwa vita. Nyekundu si uasi. Mtu ana mtihani, ana msiba, ana zamu za usiku hospitalini. Gemu inawaruhusu kumwingiza vitani hata akiwa mwekundu, na mkifanya hivyo kujaza idadi, basi msimwadhibu asipopiga. Mwenye kijani ambaye hakupiga ndiye wa kuulizwa. Miezi ya mitihani ya taifa tangazeni mapema vita vidogo, watu 10 badala ya 25, kuliko kulazimisha.

Ngome za vita, zinazopokea askari wa kuchangiwa na wenzako ili kulinda kijiji, nazo zinaharibika kwa kosa linalotoka juu. Kiongozi anaweka sharti: kila mtu achangie askari kadhaa kwa msimu, atakayepungukiwa atolewe. Watu wanatafuta idadi kwa njia ya haraka. Ngome ya vita ikiwa wazi, wa kwanza kupita anaitupia wapiga mishale mpaka inajaa, idadi yake imepanda, na kijiji kimebaki na walinzi wasiozuia chochote. Mtu anaomba Lava Hound, askari mkubwa wa angani, kwa shambulio lake, anapewa vinginevyo, anakaa kimya kwa aibu. Ondoeni sharti la idadi. Wekeni la muda na usahihi: ombi lisikae zaidi ya saa 3, na kinachotolewa kiwe kilichoombwa. Kwa ngome za vita teueni watu wawili wenye askari wa ngazi ya juu, wajaze zote 15 kwa aina moja iliyokubaliwa, na wengine wasiziguse mpaka saa 5 za mwisho za maandalizi.

Kutoa watu ndiko kunakojeruhi zaidi. Mtu aliyekaa nanyi muda mrefu anaingia anakuta yuko nje ya klani, na kwenye kisanduku cha sababu hakuna neno. Tunapendekeza hatua tatu. Kwanza, ujumbe wa faragha au wa kwenye chati unaotaja kosa lenyewe na tarehe yake, siyo "jirekebishe". Pili, muda wa siku 7 au vita viwili, kinachotangulia. Tatu, viongozi wawili wakubaliane, na anayebonyeza kitufe aandike sababu kwenye kile kisanduku. Makosa ya kutoka papo hapo yatajwe kwa majina yake: matusi ya kabila au dini, kuwasumbua wasichana na watoto kwenye meseji, kuuza na kununua akaunti, kutumia programu za udanganyifu. Kila kingine kinasubiri. Na wakati wa ligi msimtoe mtu kwa kosa dogo: mkimtoa katikati, nafasi yake kwenye vita vilivyokwishapangwa inabaki ila hapigi, nanyi mnajikata wenyewe.

Kwa upande wetu tunakubali sharti linalofanana na hilo. Mchezaji anayetaka kuhama amalize ligi aliyosajiliwa, aage, aondoke na heshima yake. Mkubaliane nasi hivyo kwa maandishi. Na msituhesabie usaliti kwa kila kuondoka. Mtu mwenye akaunti ya pili kwenye klani ya shemeji yake si msaliti. Mtu aliyetoka saa moja kumpelekea askari rafiki kisha akarudi si msaliti. Mkianza kufukuza kwa hayo, mtabaki na watu wanaowaogopa, nao wataondoka siku woga utakapokwisha.

Cheo cha mzee, kilicho kati ya mwanachama wa kawaida na kiongozi mwenza, kimegeuzwa pipi. Kinagawiwa kwa aliyechangia askari wengi wiki moja, au aliyeomba sana. Viongozi wengi wanasahau kwamba mzee anaweza kukaribisha watu na kuwatoa wanachama wa kawaida. Kijana aliyeingia juzi, mkimpa uzee leo, kesho anaweza kumtoa mtu wenu wa miaka kwa ugomvi wa chati. Wekeni kipimo: misimu miwili ya ligi bila kukosa shambulio, na mtu mmoja wa kumdhamini.

Kiongozi mwenza ni hatari zaidi. Anaweza kutoa wazee na wanachama, kuanzisha vita na kubadili mipangilio ya klani, na kiongozi mwenza mwingine hawezi kumtoa, ni kiongozi peke yake. Akiharibika moyo saa 9 usiku kiongozi akiwa amelala, asubuhi mnaweza kukuta klani tupu. Hakuna kitufe cha kurudisha, mtawaita watu mmoja mmoja. EVE Online, gemu ya vita vya angani ya CCP ya Iceland, imeyaona haya kwa ukubwa wake. Februari 2009 muungano wa Band of Brothers, uliokuwa na nguvu kubwa mno mle ndani, ulivunjwa na mkurugenzi wake mmoja aliyekuwa amehamia upande wa wapinzani wao GoonSwarm. Alitumia tu haki alizokuwa amepewa na cheo chake, na muungano ukapoteza jina na umiliki wa maeneo yake. Miaka minne kabla, 2005, kundi la Guiding Hand Social Club lilikuwa limejipenyeza kwenye shirika moja la gemu hiyo kwa muda wa mwaka mzima, likapanda vyeo taratibu, kisha likachukua mali yote kwa siku moja. Huo mwaka mzima lilikuwa likionekana ni watu watiifu kuliko wote.

Kwa hiyo: kwa klani ya watu 50, viongozi wenza 4 wanatosha. Kila mmoja awe na kazi yenye jina, mmoja vita, mmoja ligi, mmoja usajili wa wageni, mmoja mji mkuu wa klani na wikendi za uvamizi. Asiye na kazi miezi miwili arudi kuwa mzee, bila ugomvi na bila kumdhalilisha. Msipime kwa utiifu. Yule anayewapinga kwenye chati kuhusu mgao wa medali, akiwa na hesabu mkononi, huenda ndiye anayeitakia klani mema kuliko anayewaitikia "sawa mkuu" kila saa. Na tengenezeni leo orodha ya tagi za wachezaji wote, zile herufi na namba zinazoanza na alama ya #, ihifadhiwe na watu wawili nje ya gemu. Jina linabadilika, tagi haibadiliki, na ndiyo itakayowarudisha watu 50 nyumbani yakitokea ya kutokea.

Kutokuwepo kwenu nako kuwe na utaratibu. Mapigano ya B-R5RB kwenye EVE, Januari 2014, yalidumu saa 21, yakahusisha wachezaji zaidi ya 7,500 na kuteketeza meli 75 za daraja la Titan. Chanzo chake kilikuwa ada ya kumiliki eneo ambayo haikulipwa kwa wakati. Kazi ndogo ya ofisini, iliyokuwa inategemea mtu kukumbuka. Kwenye klani, kazi hizo ni kusajili ligi, kupanga kikosi, kugawa medali. Kiongozi atakayekosekana zaidi ya siku 7 atangaze na akabidhi. Mkumbuke kwamba ukimpandisha mwenza kuwa kiongozi, wewe unashuka kuwa mwenza papo hapo, na kurudi kwako kunategemea neno lake. Basi mchague mrithi mkiwa mnaelewana, jina lake lijulikane na wote, msingoje simu ipotee.

Mambo mawili ya haraka. Michango ya pesa kwa M-Pesa au njia nyingine, iwe ya zawadi au ya kununuliana Gold Pass (tiketi ya kulipia ya zawadi za ndani ya gemu), isipite kwenye simu ya kiongozi. Ashike mwingine, na matumizi yaonekane na wote. Na msilazimishe mtu kuingia kundi la WhatsApp ili abaki kwenye klani. Namba ya simu ya mtoto wa sekondari au ya dada asiyetaka kusumbuliwa si ada ya kiingilio. Matangazo muhimu yawekwe ndani ya gemu, ambako wote wanayaona.

Hatuwataki myafanye yote haya kwa mara moja. Tunaomba matatu kwanza: kanuni ya nani atacheza ligi, kanuni ya nani atapewa medali za ziada, na jina la atakayeshika klani kiongozi asipokuwepo. Yakiandikwa kwa lugha nyepesi hayazidi nusu ukurasa. Usajili wa ligi unafunguliwa mwanzo wa mwezi, na kuanzia hapo mchezaji ana siku mbili tu za kuamua wapi auweke mwezi wake. Tunaomba nusu ukurasa huo uwe umebandikwa kabla ya tarehe 1, na siku ile medali zitakapogawiwa, viongozi wote muwepo kwenye chati kujibu maswali.

Wenu,
Wachezaji, wazee na baadhi ya viongozi wenza